Mtoro au Mgonjwa? Mtoto Anayeugua Mara kwa Mara Mbele ya Daftari la Mahudhurio

Chimbuko la mkanganyiko

Katika mikutano ya wazazi ya shule za msingi nchini Tanzania huulizwa mara kwa mara swali ambalo halijapata jibu moja linaloeleweka kwa wote, nalo ni kama mtoto anayekosa masomo kwa kuumwa ahesabiwe mgonjwa au mtoro, hasa siku zake za kukosa zinapoongezeka hadi neno ruhusa likaisha nguvu. Mzazi huamini kwamba akishatuma taarifa kwa mwalimu wa darasa, hata kwa kinywa cha mtoto wa jirani, ametimiza wajibu wake. Mwalimu naye hutaka karatasi ya zahanati, ilhali mtoto aliyetibiwa kwa dawa ya dukani hana karatasi yoyote. Na mtendaji wa kata, orodha ya watoro inapofika mezani pake, hana njia ya kumpambanua aliyekuwa malishoni na ng'ombe na aliyekuwa amelala na homa.

Nyalikungu, kata iliyomo katika mji wa Maswa mkoani Simiyu, ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili, kwa kuwa mambo mengi yanayolifanya liwe gumu yamekutana hapo. Hospitali ya wilaya ipo mjini, lakini familia nyingi za mji huo na vijiji vinavyouzunguka huishi kwa pamba, mahindi, viazi vitamu na mifugo, hivyo kalenda ya shamba hushindana na kalenda ya shule. Mvua zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi karibu na mwezi wa tano hujaza malambo, yaani mabwawa madogo ya kuchimbwa yanayohifadhi maji ya mifugo na ya nyumbani, na maji hayo hayo hubeba sehemu kubwa ya maradhi ya watoto. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao yake yakawa Bariadi, na kwa tiba za kibingwa wagonjwa wake bado husafiri hadi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Hoja inayotetewa katika uchambuzi huu ni kwamba mjadala wa utoro na ugonjwa umekwama kwa sababu umeanzia pasipostahili. Umeanza kwa kuuliza mtoto amekosa siku ngapi, wakati swali la kwanza lilipaswa kuwa siku hizo zimekaaje: zimefuatana, zimetawanyika, au zinarudi kila mwezi kwa mpangilio. Daftari la mahudhurio, ambalo leo hutumika kuhukumu, lina uwezo wa kutumika kuchunguza, na uwezo huo unapotea kila siku katika shule ambazo zinauhitaji kuliko zote.

Wajibu wa aina mbili juu ya mzazi mmoja

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, katika kifungu cha 35, inamtaka mzazi au mlezi ahakikishe kwamba mtoto aliyefikia umri wa shule anaandikishwa na anahudhuria masomo mpaka amalize elimu ya msingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inamtwika mzazi huyo huyo wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, na elimu. Kwa mtoto mwenye afya njema sheria hizi mbili huenda pamoja bila kugusana. Kwa mtoto anayeugua kila mara, mzazi anayetimiza ya pili huonekana machoni pa shule kama anayeivunja ya kwanza.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Mwaka wa masomo wa shule ya msingi una siku 194. Mtoto anayepata malaria mara nne kwa mwaka na kukosa siku nne kila mara atakuwa amepoteza siku 16, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 8 ya mwaka, na kwa kuzitazama peke yake mtu anaweza kuziona chache. Lakini kusoma na kuhesabu hupandwa kama ngazi: mtoto wa darasa la pili aliyekosa wiki ambayo wenzake walifundishwa kutoa kwa kukopa hatapungukiwa na wiki hiyo peke yake, bali pia na kila somo litakalojengwa juu yake, na atakaporudi darasani akakuta wenzake wako mbali, kukaa nyumbani siku nyingine kutamwia rahisi zaidi.

Liko pia jambo la umri, ambalo halizungumzwi kiasi linachostahili. Sera ya afya nchini humsamehe gharama za matibabu katika vituo vya umma mtoto aliye chini ya miaka mitano, na katika miaka hiyo mtoto huwa na kadi ya kliniki ambamo huandikwa uzito wake, chanjo zake na mambo ambayo muuguzi ameona yafaa kuangaliwa. Mtoto akitimiza miaka mitano msamaha hukoma, safari za kliniki hukoma, na kadi huhifadhiwa sandukuni pamoja na nguo za sikukuu. Muda si mrefu baadaye anaandikishwa darasa la awali, kisha la kwanza. Anaingia katika mfumo unaohesabu siku zake karibu wakati ule ule anapotoka katika mfumo uliokuwa ukihesabu kilo zake, na hakuna karatasi inayolazimika kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hapo ndipo lilipo shimo ambamo mtoto mgonjwa wa shule hutumbukia.

Bima ilitarajiwa kulifukia shimo hilo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekwa kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa na Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, mpaka mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja uliposimamishwa na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule zao, hatua iliyozusha malalamiko mengi. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa mkulima wa pamba, hata hivyo, ukubwa wa mchango si kikwazo pekee: fedha humfikia baada ya mauzo ya msimu, ilhali homa za watoto huzidi wakati wa mvua, miezi ambayo mfuko wake umekauka.

Kila ugonjwa na alama yake

Neno "kuumwa" linaloandikwa au kutamkwa shuleni hufunika hali zinazotofautiana sana, na kila moja huacha alama yake katika mstari wa jina la mtoto.

Malaria huacha matundu ya siku tatu hadi tano zinazofuatana, yakirundikana katika miezi ya mvua na baada yake. Tiba yake ya kawaida tangu mwaka 2006 ni dawa mseto, ambayo humezwa mara sita katika muda wa siku tatu. Tatizo ni kwamba mtoto huchangamka baada ya siku ya kwanza, na katika nyumba yenye watoto watano vidonge vilivyobaki huwekwa akiba kwa atakayeugua baadaye, kwa hiyo homa ya yule wa kwanza hurudi baada ya wiki kadhaa na tundu jipya hutokea katika daftari. Kuna pia malaria isiyolaza mtu. Mtoto wa umri wa shule ambaye ameugua mara nyingi huweza kubeba vimelea bila homa, akawa anakuja shuleni kila siku huku damu yake ikipungua taratibu, akisinzia saa ya pili ya masomo na kuonekana mzito wa akili. Huyo daftari linasema yupo.

Kichocho hufanya kazi kwa njia ya kimya zaidi. Katika eneo la Maswa kinachofahamika zaidi ni kichocho cha mkojo, ambacho husababishwa na minyoo inayoishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai hutoka na mkojo, yakiangukia majini huanguliwa na kuingia katika konokono wadogo, na viluwiluwi wanaotoka kwa konokono huipenya ngozi ya mtoto aliyeingia lamboni kunywesha ng'ombe, kufua, au kuogelea adhuhuri baada ya shule. Baadhi ya konokono hao hujifukia katika tope lambo linapokauka, wakangoja mvua, hivyo ukame wa miezi minne hauwamalizi. Mtoto mwenye kichocho hakosi wiki nzima. Hukosa siku moja hapa na nyingine pale, kwa maumivu ya tumbo la chini au uchovu, na kwa kuwa katika jamii kadhaa barani Afrika mkojo wenye damu umezoeleka kwa wavulana kiasi cha kuchukuliwa kama hatua ya ukuaji, yeye mwenyewe huenda asiseme kitu. Siku hizi zilizotawanyika ndizo zinazofanana zaidi na utoro, na ndizo zinazoadhibiwa kwa urahisi zaidi.

Seli mundu ni habari nyingine. Huu ni ugonjwa wa kurithi ambamo chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa na umbo la duara, hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao, wakikadiriwa kuwa takribani 11,000 au zaidi kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni sehemu iliyobeba mzigo mkubwa. Katika daftari alama yake ni matundu makubwa yanayotokea ghafla, wiki moja au mbili kila tundu, mara nyingi baada ya baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba, baada ya kunyeshewa, au baada ya siku ya kukimbia bila maji ya kutosha. Kati ya matundu hayo mtoto huonekana mzima, tena mwenye akili nyepesi, jambo linalowafanya watu waseme anadeka. Mahitaji yake shuleni ni madogo kuliko watu wanavyodhani: chupa ya maji juu ya dawati na ruhusa ya kunywa wakati wowote, ruhusa ya kwenda chooni bila kuulizwa kwa sababu anayekunywa sana hukojoa sana, sweta hata kama si la sare, kuondolewa katika mchakamchaka, na mwalimu anayejua kwamba homa kwa mtoto huyu ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Zipo siku ambazo hazisemwi. Msichana wa darasa la sita au la saba anayekosa siku mbili au tatu kila baada ya wiki nne, kwa sababu iliyoandikwa "tumbo", kwa kawaida anakosa kwa ajili ya hedhi, ama kwa maumivu, ama kwa kutokuwa na taulo na choo chenye maji. Mtoto anayekosa siku moja inayojulikana, kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, huenda anakwenda kituo cha tiba na matunzo kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na familia ina haki ya kutosema. Kwa hawa wawili, kudai maelezo mbele ya darasa ni kuwafukuza shule kwa njia ya aibu.

Msimamo wa kwanza: mahudhurio kwanza

Msimamo unaosikika zaidi katika ngazi ya kata na wilaya ni ule unaosema kwamba sababu zikianza kukubaliwa hazitaisha, kwa hiyo mahudhurio yasimamiwe kwa ukali na mzazi awajibishwe. Watetezi wake hawasemi ovyo. Msimu wa kuvuna pamba ugonjwa huongezeka shuleni kwa namna ambayo hakuna zahanati iliyoishuhudia. Mvulana wa kuchunga huitwa mgonjwa, na binti aliyeachwa nyumbani kulea mdogo wake naye huitwa mgonjwa. Kwa mtoto ambaye kwao hakuna anayemtetea, ukali wa mtendaji ndio ngao pekee inayomrudisha darasani, na yeyote anayelegeza kanuni bila kufikiri atakuwa amemwumiza mtoto huyo kwanza.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unamwadhibu vilevile anayesema kweli. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF huambatanisha sehemu ya ruzuku yake na sharti la mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa mwaka mzima sharti hilo linaacha nafasi ya siku zipatazo 38, ambazo ni nyingi. Lakini likipimwa katika mwezi wenye siku 20 za masomo, malaria moja ya siku tano tayari imelivuka, na kama hakuna uthibitisho wa ugonjwa uliofika shuleni, kaya maskini inaweza kupunguziwa fedha katika mwezi ule ule ilipotumia fedha kwa dawa. Upande wa nidhamu, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, isizidi viboko vinne, na izingatie umri, jinsi na afya ya mwanafunzi. Maneno "afya ya mwanafunzi" yamo katika kanuni. Mwalimu wa zamu anayewachapa waliokosa jana, wakiwa wamepanga mstari, hawezi kuyatimiza, kwa kuwa afya ya aliye mbele yake haijaandikwa mahali popote anapoweza kuiona.

Msimamo wa pili: afya kwanza

Upande wa pili wamesimama wazazi wengi, hasa akina mama, wanaoshikilia kwamba mtoto mgonjwa akae nyumbani mpaka apone, shule itamngoja. Nguvu ya msimamo huu iko katika ukweli kwamba anayelala karibu na mtoto huiona dalili kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba yako maradhi, kama surua, tetekuwanga na macho mekundu, ambayo kumpeleka mtoto darasani ni kuwaambukiza wenzake. Shuleni kwa kawaida hakuna kitanda wala muuguzi. Mtoto anayepandwa na homa saa tatu asubuhi huweza kulaza kichwa juu ya dawati mpaka saa nane.

Kasoro yake ni kwamba neno "apone" halina tarehe. Kwa ugonjwa wa kudumu kupona hakupo, kuna kutulia tu, na mtoto mwenye seli mundu, pumu au kifafa anayengojwa apone ndipo asome atangoja utoto wake wote. Kifafa kimeonewa zaidi: kwa kuwa wengi bado huamini kwamba mate ya mtu aliyeanguka huambukiza, jambo ambalo si kweli kabisa, familia humficha mtoto kumkinga na dharau, na shule hushukuru kimyakimya kwa kuondolewa wasiwasi, ilhali kwa dawa zinazomezwa bila kukosa watoto wengi hukaa muda mrefu bila kuanguka.

Nyumbani huko huko ndiko matibabu huchukua njia ndefu, kwanza duka la dawa, kisha mganga, kisha hospitali. Ni rahisi kuwalaumu watu wa Usukuma kwa kwenda kwa bafumu, kama waganga wa jadi wanavyoitwa kwa Kisukuma, lakini lawama hiyo haijafikiriwa vizuri. Mama ambaye mtoto wake amepewa dawa ya maumivu mara sita bila kuelezwa kwa nini mifupa humwuma kila baridi inapoingia anatafuta sababu, na mganga humpa sababu. Kipimo cha damu kingempa sababu iliyo sahihi, pamoja na habari kwamba ipo dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza mara za kuzidiwa. Kinachompeleka kwa mganga ni ukimya wa waliomhudumia kabla, na ukimya huo unaweza kuvunjwa.

Msimamo wa tatu: tiba imfuate mtoto shuleni

Wataalamu wa afya ya jamii huona kwamba mabishano hayo mawili yanapitana, na kwamba dawa ni kuyapunguza maradhi yenyewe kupitia shule, mahali ambapo watoto wamekwisha kusanyika. Tanzania imeifuata njia hii kwa sehemu kubwa. Ugawaji wa vyandarua kwa wanafunzi ulianza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, kisha ukafika Kanda ya Ziwa. Dawa za minyoo na kichocho hutolewa shuleni kwa kampeni, mtoto akisimamishwa kando ya kijiti kilichochorwa alama ili urefu wake uonyeshe ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli, njia rahisi inayoondoa haja ya mizani. Huko Muheza, mkoani Tanga, majaribio ya kuwapa wanafunzi dawa kamili ya malaria kila baada ya miezi kadhaa, wawe wanaumwa au la, yalipunguza malaria na upungufu wa damu, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza njia hiyo kwa maeneo yenye maambukizi ya kati na makubwa.

Ushahidi uliojadiliwa zaidi kuhusu dawa na mahudhurio unatoka jirani, Busia magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 zilipewa dawa za minyoo kwa awamu, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walieleza katika makala yao ya mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa takribani robo, tena hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa, kwa sababu maambukizi yalipungua kijiji kizima. Mwaka 2015 watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo, wakaonyesha makosa kadhaa, na ukazuka ubishi mkubwa wa kitaalamu ambao haujaisha. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mtoto mwenye minyoo anastahili kutibiwa. Linalobishaniwa ni ukubwa wa faida ya masomo inayopatikana kwa kumtibu, na tofauti hiyo ni ya muhimu kwa wilaya inayotafuta mahali pa kuweka fedha zake chache.

Njia hii ina mipaka ambayo watetezi wake huitaja kwa sauti ndogo. Prazikwanteli ikimezwa na mtoto ambaye hajala huleta kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, na mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto walipopatwa na hali hiyo uvumi ulienea kwamba wamepewa sumu, wazazi wakavamia shule na zoezi likavurugika. Somo la Morogoro ni kwamba uji utangulie kidonge, na maelezo kwa mzazi yatangulie uji. Pili, kidonge hakilikaushi lambo: mtoto aliyetibiwa mwezi wa pili akaogelea mwezi wa tatu huambukizwa upya, na kazi ya maji safi ya bomba na vyoo haiwezi kufanywa na mwalimu wa afya wa shule. Tatu, kampeni huwatibu wote kwa ugonjwa mmoja, wala hazimwoni yule mmoja mwenye seli mundu ambaye tatizo lake halimo katika kisanduku cha dawa kilicholetwa siku hiyo.

Msimamo wa nne: masomo yamfuate mtoto nyumbani

Hoja ya nne ni ya walimu wachache wanaoona kwamba siku zilizopotea kwa ugonjwa haziwezi kuzuiwa zote, kwa hiyo zifidiwe. Simiyu yenyewe ina uzoefu wa jambo linalofanana na hili, kwani katika miaka ya 2010 mkoa ulipata sifa kwa kambi za kitaaluma, ambapo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa kwa majuma kadhaa wakafundishwa na walimu bora kutoka shule mbalimbali. Kambi hizo zinaonyesha kwamba nia ikiwepo, muda wa ziada hupatikana. Hata hivyo zililenga madarasa ya mitihani, ilhali mtoto mgonjwa huachwa nyuma katika darasa la kwanza na la pili, na anapofika darasa la mtihani deni lake halilipiki kwa kambi.

Kukariri darasa, ambako baadhi ya wazazi hukuomba wenyewe, humrudishia mtoto mwaka mzima ili kufidia majuma machache, na humwacha akiwa mkubwa kati ya wadogo. Ziara ya mwalimu nyumbani ni nzuri, lakini serikali imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa mengi yamekipita mbali tangu elimumsingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2016. Kilicho ndani ya uwezo wa shule yoyote ni kidogo na cha kawaida: mwanafunzi jirani anayebeba daftari la mgonjwa, mwalimu anayechagua mambo mawili ya lazima kati ya yote yaliyofundishwa wiki hiyo, na nusu saa ya mapumziko siku ya kurudi.

Mizani

Misimamo hii ikiwekwa juu ya mizani, inaonekana kwamba kila mmoja uko sahihi kwa mtoto wa aina yake, na kosa huanza pale unapotumiwa kwa watoto wote. Ukali humfaa mchungaji aliyeitwa mgonjwa. Mapumziko humfaa mwenye surua. Kampeni humfaa mwenye kichocho. Ufidiaji humfaa mwenye seli mundu. Kwa hiyo suala la kwanza ni kuwatenganisha, na hilo halihitaji daktari ndani ya shule. Mwalimu wa darasa akilitazama daftari mara moja kila mwisho wa mwezi, si kwa kujumlisha bali kwa kusoma mstari wa kila jina, ataona tundu la siku nne baada ya mvua, vitone vilivyotawanyika, wiki mbili zilizokatika mwezi wa saba, au siku mbili zinazorudi kila baada ya wiki nne. Hatajua ugonjwa, wala si kazi yake kuujua. Atajua ni nani wa kuandikiwa barua ya kwenda kupimwa damu na mkojo, ni nani mzazi wake aitwe kwa faragha, na ni nani kweli aliyekuwa shambani, kwa sababu utoro wa pamba huwakumba wengi kwa pamoja na hufuata siku za kuvuna, ilhali maradhi ya kudumu humfuata mtoto mmoja mwaka mzima.

Gharama ya pendekezo hili ni muda wa mwalimu, nayo si ndogo kwa mtu mwenye majina tisini. Kuna hatari pia kwamba barua ya mwalimu igeuzwe kuwa sharti jipya, mtoto akarudishwa nyumbani mpaka aje na cheti, na safari ya kukitafuta cheti ikaongeza siku za kukosa. Ndiyo maana kauli ya mzazi inapaswa kutosha kwa siku tatu za kwanza, na karatasi ya kituo cha afya idaiwe tu pale mpangilio katika daftari unapoonyesha haja, tena idaiwe kwa lengo la tiba. Kituo cha afya nacho kina lake la kutoa: mistari miwili juu ya karatasi ya dawa, inayosema mtoto arudi shuleni tarehe gani na asifanye nini, ingemwondolea mama ubishi wa getini na mwalimu shaka ya moyoni, na pasipo ridhaa ya mzazi jina la ugonjwa halihitaji kuandikwa.

Kati ya hatua zote, iliyo rahisi kuliko nyingine ni ya siku ya uandikishaji. Siku hiyo mzazi huja na cheti cha kuzaliwa au tarehe aliyoikariri, mwalimu huandika jina, umri na kijiji, kisha huita anayefuata. Kama mzazi angeombwa aje pia na ile kadi ya kliniki, na mwalimu akauliza maswali matatu, kwamba je, mtoto huyu amewahi kulazwa, amewahi kuongezewa damu, amewahi kuanguka, watoto wengi ambao miaka miwili baadaye wataitwa watoro wangejulikana kabla hata hawajakosa siku ya kwanza. Nafasi ya kuandika majibu hayo ipo, pembeni mwa jina, katika ukurasa ule ule wa daftari.